Kofia inayopima usingizi wa dereva na maslahi ya mwenye mzigo

SAA tatu usiku lori lililosheheni matenga ya nyanya linaondoka Ilula, mkoani Iringa, kuelekea Dar es Salaam. Mwenye nyanya amekwisha kulipia mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, vibarua wa kuchuma, matenga yenyewe na ushuru wa halmashauri. Miezi mitatu au zaidi ya jasho lake imefunikwa turubai. Mbele kuna mteremko wa Kitonga, kisha hifadhi ya Mikumi, Morogoro na Chalinze, na mzigo unatakiwa sokoni alfajiri kabla bei haijaanza kushuka.

Kuanzia dakika hiyo mali yote ile iko mikononi mwa mtu mmoja tu, na kwa usahihi zaidi iko katika macho yake. Akipitiwa na usingizi kwa sekunde tatu lori likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, litakwenda zaidi ya mita 60 bila mtu wa kuliongoza.

Wafanyabiashara wengi wana njia moja tu ya kujihakikishia: kupiga simu. Dereva hujibu kwamba yuko salama, yuko mahali fulani, asiwe na wasiwasi. Sauti hiyo haisemi lolote kuhusu hali ya ubongo wake, na mara nyingi simu yenyewe ya kumuuliza kama yuko macho ndiyo inayomtoa macho barabarani.

Swali hilo la dereva kuwa macho kwa kiasi gani limewasumbua pia matajiri wakubwa kuliko mwenye matenga 200 ya nyanya. Nchini Australia, wenye migodi huendesha malori yanayobeba zaidi ya tani 200 za mawe kwa safari moja, usiku na mchana, katika zamu ambazo aghalabu huchukua saa 12. Njia ni ile ile, mzunguko ni ule ule, na hakuna kinacholeta lepe la usingizi upesi kuliko kazi isiyobadilika saa nane za usiku.

Ni huko, katika kituo cha utafiti wa madini cha CRCMining mjini Brisbane, ndiko ilikobuniwa kofia iliyokuja kujulikana kwa jina la SmartCap. Kwa macho haina tofauti na kapelo ya kawaida. Siri iko ndani, kwenye utepe unaogusa paji la uso, wenye vihisio vya kunasa umeme mdogo unaotoka katika ubongo. Taarifa husafirishwa bila waya hadi kwenye kifaa kidogo ndani ya lori, na kifaa humwonesha dereva kwa namba uwezo wake wa kushindana na usingizi kwa wakati ule. Uwezo unapopungua, kifaa humtahadharisha kabla hajaanza kusinzia, na msimamizi wa zamu anaweza kupelekewa taarifa. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba mwaka 2021 ilinunuliwa na Wenco, kampuni ya mifumo ya migodi iliyo chini ya Hitachi ya Japani.

Wapo watakaouliza kuna haja gani ya mashine wakati kila mtu hujijua anapokuwa na usingizi. Ukweli ni kwamba mtu mwenye usingizi ni shahidi mbaya wa usingizi wake mwenyewe. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid, nao wa Australia, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio rahisi kueleweka. Waliwakesha watu na kuwapima wepesi wa mikono na macho, kisha wakawapima watu hao hao wakiwa wamekunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi hiyo kinatosha kumtia dereva hatiani. Alipofikisha saa 24 alikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10.

Hesabu hiyo ukiileta katika lori la Ilula inatisha. Dereva aliyeamka saa 12 asubuhi, akashinda mchana kutwa akihangaikia mzigo, tairi na mafuta, anatimiza saa 17 saa tano usiku, Morogoro ikiwa bado haijaonekana. Atakapokuwa anaingia Dar es Salaam alfajiri, atakuwa anaendesha kama mlevi ingawa hajagusa hata tone.

Umeme wa kichwani

Habari za mashine kusoma ubongo huwafanya baadhi ya watu wafikirie uchawi au mambo ya sinema. Msingi wake ni wa zamani na unatumika katika hospitali kubwa hadi leo, hasa kwa wagonjwa wa kifafa. Daktari Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, alifanikiwa kuandika umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Alisita miaka mitano kabla ya kuchapisha matokeo mwaka 1929, na hata hapo wenzake wengi hawakumwamini. Kipimo hicho ndicho madaktari wanachokiita kwa kifupi EEG.

Ubongo una seli za neva zinazopelekeana ujumbe kwa njia ya umeme. Seli moja peke yake haisikiki nje ya fuvu. Lakini maelfu kwa maelfu yanapopandisha na kushusha umeme kwa pamoja, mtikisiko hupenya mfupa na ngozi na unaweza kunaswa kwa kipande cha chuma kilichogusa kichwa. Unachofika nje ni kidogo mno. Betri moja ya redio ina volti 1.5, wakati ishara ya ubongo huwa kati ya mikrovolti 10 na 100 tu. Ishara ya mikrovolti 50 ni sehemu moja kati ya 30,000 za nguvu ya betri hiyo.

Mawimbi hayo hupangwa kwa kasi yake. Yale ya polepole kabisa, chini ya mara nne kwa sekunde, huitwa delta na ni ya usingizi mzito. Kati ya mara nne na nane ni theta, ambayo huongezeka mtu anapoanza kusinzia. Alfa, aliyoiona Berger kwanza, hupiga kati ya mara nane na 13 kwa sekunde na huonekana wazi mtu anapofumba macho na kutulia. Juu ya hapo ni beta, ambayo hutawala mtu akiwa macho na anashughulika.

Kwa maelezo hayo msomaji ataona kwa nini kofia ya dereva inawezekana. Safari kutoka macho hadi usingizini ina alama zinazojulikana. Mashine haihitaji kujua dereva anawaza nini. Inatakiwa itambue jambo moja tu: taa zinazimika.

Umakini hauna jiwe la mizani

Tatizo linaanza pale teknolojia hiyo inapotoka kwenye usingizi na kuahidi kupima umakini, yaani kiasi gani mtu ameweka akili yake katika kazi anayoifanya. Hapo ndipo soko lilipo. Kampuni ya NeuroSky ya Marekani ilianza kuuza mwaka 2011 kifaa cha MindWave kwa takriban dola 100. Kina kihisio kimoja pajini na kibanio cha sikioni, na hutoa alama ya umakini kuanzia sifuri hadi 100. Mwaka 2014 InteraXon ya Toronto, Kanada, ikaingiza sokoni utepe uitwao Muse kwa dola 299. Mvaaji hukaa kimya na kusikiliza; akili ikitulia husikia ndege wakilia, ikianza kutangatanga husikia upepo ukivuma kwa nguvu. Emotiv nayo ilikuwa imetangulia mwaka 2009 na kifaa chenye vihisio 14.

Mfanyabiashara wa nafaka anaelewa vizuri kuliko wengi tofauti iliyopo hapa. Kilo moja ya mahindi ni kilo moja Mbeya, ni kilo moja Kibaigwa na ni kilo moja Tandale, kwa sababu mizani hukaguliwa kwa mawe yaliyothibitishwa na Wakala wa Vipimo. Asiyekubali uzito anaweza kudai mzani mwingine. Umakini hauna jiwe la namna hiyo. Alama 70 ya kampuni moja si lazima iwe alama 70 ya nyingine, na namna namba hiyo inavyopatikana mara nyingi ni siri ya biashara ya mtengenezaji. Kwa lugha ya sokoni, ni lumbesa: gunia limeshonwa na kujazwa juu, lakini mnunuzi haambiwi ni kilo ngapi.

Hata madaktari hawajakubaliana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ukigawanya mawimbi ya theta kwa yale ya beta utapata kipimo cha kuwatambua watoto wenye tatizo la kukosa utulivu, linalojulikana kama ADHD. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa kiitwacho NEBA kitumike kumsaidia daktari katika uchunguzi huo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2016, chama cha madaktari wa neva wa Marekani kilishauri kipimo hicho kisitumike kumthibitisha mgonjwa nje ya utafiti, kwa kuwa ushahidi wake haukutosha na watu wasio wagonjwa wangeweza kuambiwa ni wagonjwa. Ikiwa kipimo kilichopita mbele ya FDA kina mgogoro wa namna hiyo, mnunuzi wa utepe wa dukani hana budi kuwa mwangalifu zaidi.

Kuna sababu nyingine iliyo ya kawaida kabisa. Misuli nayo ina umeme, tena mwingi kuliko ule wa ubongo unaofika nje. Kupepesa jicho, kutafuna, kukunja uso au kupayuka kunatosha kuifunika ishara yote. Mama anayeuza samaki Feri na kuita wateja asubuhi nzima atakuwa na namba za ajabu kwenye kifaa chake, na namba hizo zitakuwa zinaeleza zaidi habari za taya lake. Dereva wa mgodini ana nafuu: ameketi, anatazama mbele, na mara nyingi hana wa kuongea naye.

Hadzabe hadi maofisini

Tanzania si mgeni kabisa katika mambo haya. Taasisi ya utafiti iitwayo Sapien Labs ilianzishwa na Tara Thiagarajan, mtaalamu wa ubongo ambaye pia aliwahi kuongoza Madura Microfinance, kampuni iliyokuwa ikikopesha fedha ndogo ndogo wanawake wa vijijini kusini mwa India. Katika utafiti wa awali huko India, yeye na mwenzake walibeba vifaa vya Emotiv hadi vijijini na mijini na kuwapima mamia ya watu. Waliona kwamba wenye kipato kikubwa, wanaosafiri zaidi na kutumia simu zaidi, walikuwa na mawimbi ya alfa yenye nguvu zaidi.

Matokeo kama hayo yanahitaji kusomwa taratibu. Hayasemi kwamba maskini ana akili ndogo, wala hayasemi kipi kimeleta kipi. Yanaonesha kwamba ubongo uliozoeleka kupimwa katika maabara za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani si kipimo cha ubongo wa kila mtu, na kwamba mashine iliyofundishwa kwa vichwa vya huko inaweza kukosea ikivishwa mkulima wa Kondoa.

Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la eNeuro ina uzito. Timu za India na Tanzania zilipima umeme wa ubongo wa watu 7,933, kuanzia wawindaji wa Kihadzabe hadi wafanyakazi wa maofisini. Waliopima hawakuwa madaktari bingwa, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wakisimamiwa na kompyuta iliyokagua ubora wa kazi yao kila siku. Ubora ulilingana na ule wa maabara, na gharama kwa kila mtu ilikuwa chini ya dola 50.

Lipo pia suala la nywele, ambalo linaweza kuonekana dogo lakini limewanyima Waafrika wengi nafasi katika tafiti hizi. Vihisio vinatakiwa viguse ngozi ya kichwa. Nywele nzito zilizojikunja, au misuko, huvizuia, na watu wenye nywele hizo wamekuwa wakirudishwa nyumbani au takwimu zao kutupwa. Katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Arnelle Etienne na wenzake walibuni vibanio vya Sevo vinavyokaa katikati ya mistari ya twende kilioni, na kazi yao ilitangazwa mwaka 2020. Msuko uliokuwa kikwazo ukageuka kuwa kishikizo. Tepe za pajini hukwepa tatizo hilo, ingawa zinasikia sehemu ya mbele ya ubongo tu.

Namba ni za nani?

Mwenye kuajiri akisikia habari hizi anaweza kutamani kuwavisha vibarua wake. Kabla hajafika huko, ni vyema akajua yaliyotokea China.

Katika mji wa Jinhua, jimbo la Zhejiang, shule moja ya msingi iliwavisha wanafunzi tepe za kichwani zilizotengenezwa na kampuni ya BrainCo. Kila utepe ulikuwa na taa mbele: nyekundu iliashiria mtoto amezama katika somo, bluu kwamba akili yake imetoka nje. Alama zilikwenda kwa mwalimu na kwa wazazi. Picha zilipoonekana mwaka 2019, watu wa China wenyewe waliwaka kwa hasira mitandaoni, na mamlaka za elimu za eneo hilo zikaagiza matumizi hayo yasitishwe. Kuna watoto walioeleza kwamba walisikiliza zaidi kwa kuogopa taa. Mwenye kiwanda au shamba anaweza kuiona hiyo kuwa faida, mpaka atakapokumbuka kwamba mtu anayeogopa taa anaiangalia taa, haangalii kazi.

Nchini Chile suala hilo lilikwenda hadi kwenye katiba, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zitokanazo nazo. Aliyewahi kuwa seneta, Guido Girardi, alinunua kifaa cha Emotiv na kubaini kwamba taarifa za ubongo wake zinahifadhiwa na kampuni. Alishitaki. Agosti 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru taarifa zake zifutwe. Mwaka uliofuata majimbo ya Colorado na California nchini Marekani yalipitisha sheria zinazoziweka taarifa za neva katika kundi la taarifa nyeti.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezitaja taarifa za afya na za kibayometria kuwa ni taarifa nyeti, na imeunda tume ya kusimamia. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Mwajiri atakayemvisha dereva kofia ya namna hiyo hatakuwa amenunua kofia tu. Atakuwa amejitwika wajibu wa kutunza kitu kilichotoka kichwani mwa mtu mwingine. Na dereva ana haki ya kuuliza: siku namba zangu zikiwa mbaya, nitapewa kitanda nipumzike au nitapewa barua ya kuachishwa kazi? Kofia inayomtahadharisha dereva kwanza ni msaada kwake. Inayompelekea taarifa tajiri peke yake ni kitu kingine, na madereva watatafuta njia ya kuivua.

Duka, daftari na saa

Kwa mwenye duka la rejareja au genge hali ni tofauti. Yeye halali kazini, lakini akili yake inavutwa huku na huko: anahesabu fedha, mteja anauliza bei ya sukari, simu inaita, mtoto wa jirani anataka chenji. Wahenga waliposema mshika mawili moja humponyoka hawakuwahi kuona mtu anayefanya uwakala wa fedha na kuuza mafuta ya taa kwa wakati mmoja. Makosa ya hesabu jioni mengi hutokana na hapo. Mtu wa namna hiyo akivutiwa na utepe wa dola 299, ambao ni zaidi ya Sh 600,000, anafaa kujua kwamba mojawapo ya tafiti kubwa kuhusu akili kutangatanga katika maisha ya kila siku haikutumia kihisio chochote cha ubongo.

Watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa chuo kikuu cha Harvard walitumia simu tu. Simu iliwashitua watu wazima 2,250 katika nyakati zisizotabirika na kuwauliza wanafanya nini, na kama wanawaza kile wanachokifanya au kitu kingine. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2010, yalionesha kwamba katika asilimia 46.9 ya nyakati hizo akili ilikuwa kwingine.

Njia hiyo inaigika kwa daftari na saa ya simu. Mfanyabiashara anaweza kuweka kengele sita au saba katika siku, kwa nyakati asizozizoea, na kila ikilia anaandika maneno machache: saa, kazi iliyokuwa mkononi, na akili ilikuwa wapi. Baada ya wiki mbili atakuwa na kurasa zinazosema mambo ambayo hakuna utepe unaoyasema, kwa mfano kwamba kila saa kumi alasiri anachanganya hesabu kwa sababu ndipo wasambazaji wanapoleta mzigo. Atahamisha kazi ya kuhesabu. Gharama yake ni bei ya daftari.

Utepe unaweza kuwa na maana kwa anayetaka kujizoeza kutulia na anayefahamu kwamba ndege na upepo anaowasikia ni makadirio. Kwa anayetafuta kipimo cha kumlipa mfanyakazi au kumkata mshahara, haufai kabisa.

Kofia bado, kamera zinakuja

Kuhusu madereva, kofia yenyewe imepata mshindani. Kamera ndogo iliyoelekezwa usoni huhesabu ni kwa muda gani kope zimefunika jicho, bila kumvisha mtu chochote. Seeing Machines, kampuni ya Canberra, hukohuko Australia, imekuwa ikiuza mifumo hiyo migodini kwa kushirikiana na Caterpillar tangu mwaka 2013. Kamera huona usingizi ukishafika kwenye kope, wakati kofia hujaribu kuuona ukiwa bado njiani, lakini kamera haitoki jasho wala haisahauliki nyumbani. Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba magari yote mapya yanayoandikishwa huko tangu Julai 2024 yawe na mfumo wa kumtahadharisha dereva anayesinzia. Kwa kuwa magari mengi ya barabara zetu huanza maisha kwa wenzetu, mifumo hiyo itafika, kama mikanda ya usalama ilivyofika, ingawa itakuwa na umri mkubwa na mingine itakuwa imekatwa waya.

Mabasi ya masafa marefu nchini yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwendo. Mfumo huo unaangalia gari: limekwenda kasi gani, limesimama wapi. Haumwangalii aliyeshika usukani, na malori mengi ya mazao hayana hata huo.

Kwa vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima vinavyokodi malori kwa pamoja, hapo pana nguvu ambayo mkulima mmoja hana. Kikundi kinachopeleka malori kumi kwa wiki kinaweza kumwambia mwenye lori kwamba hakipakii bila madereva wawili wenye leseni, au kwamba mzigo utapakiwa mchana ili dereva alale jioni kabla ya kuondoka. Gharama ya dereva wa pili ikigawanywa kwa matenga yote ni fedha ndogo kwa kila tenga. Migodi ya Australia yenyewe, pamoja na kofia zake, bado inapanga zamu na mapumziko, kwa sababu hakuna kifaa kinachompa dereva usingizi aliokosa. Kinachoweza ni kumwambia tu kwamba ameukosa.

Utingo nao wasisahaulike. Ni jambo la kawaida dereva akichoka kumwachia usukani kijana ambaye hana leseni, na ambaye ndiye aliyeshinda mchana kutwa akipakia. Mwenye nyanya wa Ilula, kabla kamba ya turubai haijafungwa, anaweza kuuliza mambo mawili yasiyohitaji betri: dereva aliamka saa ngapi leo, na ni nani mwingine humo ndani mwenye leseni ya lori.